Samora Avenue: Mtaa Mmoja, Majina Manne

Wadau, Alhamisi iliyopita nilitumwa mjini Dar kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Nafika, naambiwa umeahirishwa. Basi nikajikuta nimesimama Samora, karibu na Sanamu la Askari, sina kazi. Pembeni kuna mzee anauza magazeti.

"Shikamoo mzee. Hivi huyu askari ni wa nani?"

"Marahaba. Wa Mjerumani huyo," akajibu bila hata kuinua kichwa.

Kijana anayepiga viatu rangi akapinga hapo hapo. Eti huyo alipigana Majimaji, alikuwa anamtwanga Mjerumani!

Wote wawili wamekosea. Nisiwacheke lakini, maana mwaka jana ungeniuliza mimi, na digrii yangu, ningebuni jibu baya kuliko yao.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mji ukabaki kuwa makao ya serikali kwa miongo mingi. (Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, sheria yenyewe ikaja 2018. Hatuna haraka sisi!) Mtaa huu waliuita Unter den Akazien, yaani chini ya miakasia. Walipoingia Waingereza wakautafsiri tu: Acacia Avenue. Ukapata Uhuru 1961, ukawa Independence Avenue. Mwaka huo huo ndipo Dar ilipopewa hadhi ya jiji, na ule Mnara wa Saa mwisho wa mtaa ni kumbukumbu ya tukio hilo. Jina la nne ndilo hili la leo.

Sasa huyu askari. Enzi za Mjerumani mji huu ulikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, mtu aliyeongoza vita vya kuvunja upinzani wa pwani, ule wa kina Abushiri. Wissmann alisimama juu, na chini miguuni pake akawekwa askari Mwafrika anamtazama bosi wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaling'oa. Likaishia Hamburg, likasimamishwa tena 1922, mpaka wanafunzi wa chuo kikuu walipoliangusha 1968. Kumbe na wenzetu huko lilikuwa linawakera.

Mwaka 1927 Waingereza wakazindua la kwao, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii hakuna mzungu, askari yuko peke yake juu, singe imeelekea bandarini. Ukiliangalia haraka unasema ah, tumepanda cheo. Lakini huyo ni askari aliyepigana upande wa Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na waliokuwa wanamlenga ng'ambo ya pili, wengi wao walikuwa askari Waafrika vilevile, wanaongea Kiswahili hiki hiki, ila wamevaa sare ya Mjerumani. Vita ya wakubwa wawili wa Ulaya imepiganwa kwetu, kwa miguu yetu.

Na hiyo miguu ndiyo inayoniuma. Bunduki hazikujibeba. Wapagazi walichukuliwa vijijini kwa nguvu, wakabebeshwa chakula na risasi porini, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nenda Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu la mchongaji huyo huyo: pale mpagazi amesimama kwa shaba pamoja na askari. Hapa Dar amepata maandishi chini, ambayo nani anayasoma?

Alichopata mpagazi wa Dar ni jina la mtaa, tena la bahati. Jeshi lile la wapagazi liliitwa Carrier Corps, kambi yao ikawa nje kidogo ya mji. Wenyeji wakalitamka wanavyoweza: Kariakoo. Baadaye Waingereza wakaligawa jiji, wazungu huku kwenye miakasia, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga.

Na Samora mwenyewe? Frelimo ilizaliwa Dar 1962, na Samora Machel alikuja Tanzania kujiunga nayo, akafundisha wapiganaji Kongwa. Alikufa kwenye ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986, na mtaa umebeba jina lake. Maputo nao wana Avenida Julius Nyerere. Nikamuuliza yule kijana wa viatu Samora ni nani. "Si huu mtaa?"

Nikawasimulia yote haya. Kijana alisikiliza nusu, akapata mteja. Mzee akakunja gazeti alilokuwa anasoma.

"Babu yangu mimi alichukuliwa kubeba mizigo ya Mwingereza," akasema. "Hakurudi. Bibi alikuwa anasema hata kaburi hawakuonyeshwa."

Akalitazama sanamu muda mrefu, kama vile ndiyo kwanza limewekwa.

Nikamuaga, nikashika Samora hadi Mnara wa Saa, nikaingia Uhuru, nikapita Mnazi Mmoja. Mpaka Kariakoo sikuchukua hata nusu saa kwa miguu, na mkononi nilibeba daftari tu.