Sensa ya injini ikifa mara ya pili, usikimbilie kununua ya tatu

GARI halijatimiza hata miaka miwili tangu litoke kiwandani. Taa ya njano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi, fundi amebadilisha sensa moja, na taa imezimika. Wiki chache baadaye, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, injini inazima ghafla na taa ileile inawaka tena.

Hilo si usumbufu mdogo. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupita ndani ya hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50, na kushuka garini usiku mahali ambapo simba, nyati na tembo huvuka lami ni kuhatarisha maisha. Anayekata kona Mikumi kuelekea Kilosa naye ana hofu yake: njia hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na changarawe, yenye vumbi jingi kiangazi na madimbwi masika.

Wamiliki wengi hulaumu sensa na kununua nyingine. Hata hivyo, sensa hiyohiyo ikifa mara mbili katika muda mfupi, mara nyingi yenyewe si mgonjwa. Ugonjwa huwa kwenye waya, plagi, ethi au umeme unaoilisha.

Sensa hufanya kazi gani?

Injini za kisasa huongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo haina macho. Hutegemea sensa kuijulisha kasi ya mzunguko wa kranki, joto la maji, kiasi cha hewa kinachoingia na mahali pedali ya mafuta ilipokanyagwa.

Sensa nyingi zina waya tatu. Wa kwanza huleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili huurudisha kwenye ethi, na wa tatu hubeba taarifa. Kompyuta haiioni sensa yenyewe, bali huona volti zinazoifikia tu. Waya ukikatika au pini ikishika kutu, kwa kompyuta ni sawa na sensa iliyokufa.

Aidha, sensa kadhaa huweza kuchangia njia moja ya volti 5. Moja ikipiga shoti, volti hushuka kwa zote, na mashine ya kupimia huorodhesha makosa matatu au manne kwa pamoja. Mwenye gari huambiwa sensa zote zimekufa, kumbe tatizo ni moja tu.

Namba ya kosa si hukumu

Marekani iliyalazimisha magari mapya ya abiria kuwa na mfumo wa pamoja wa kusoma makosa, wenye soketi ya pini 16, kuanzia modeli za mwaka 1996. Ulaya ilifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana mashine moja ndogo huweza kusoma magari ya viwanda vingi.

Lakini namba inayosomwa ni mahali pa kuanzia uchunguzi. P0335, kwa mfano, hutaja hitilafu katika saketi ya sensa ya kranki. Saketi ni sensa pamoja na waya, plagi na kompyuta yake. Fundi anayesoma namba hiyo na kuagiza spea papo hapo ameruka hatua zote za katikati.

Mambo yanayoua sensa

Kwanza ni maji. Kilosa imo katika bonde la mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliharibu hata reli ya kati. Gari lenye injini ya moto likiingia katika maji baridi, hewa iliyomo ndani ya plagi hunywea na kuvuta unyevu kupitia mpira uliochoka. Siku kadhaa baadaye pini huota kutu ya kijani. Kuosha injini kwa maji ya presha huleta madhara hayohayo.

Pili ni mtikisiko. Barabara ya makorongo hufanya pini zisuguane kidogo kidogo mpaka zilegee. Waya uliofungwa vibaya baada ya matengenezo nao husugua chuma mpaka ngozi yake itoboke.

Tatu ni umeme usio sawa. Altaneta mbovu, betri iliyofungwa kinyume au kuchomelea bodi kwa umeme bila kufungua betri huweza kuunguza sensa na hata kompyuta yenyewe.

Nne ni vifaa vya ziada. King'ora, redio au taa zilizounganishwa kwa kukata waya wa gari jipya zimekuwa mwanzo wa matatizo mengi.

Tano ni spea bandia, ambayo hufanana na halisi kwa sura lakini haidumu katika joto.

Hatua za kupima

Fundi mwenye multimita anaweza kumaliza kazi kubwa kabla ya kununua chochote. Hatua ni hizi:

1. Aandike namba zote za makosa kabla ya kuzifuta, pamoja na joto na kasi ya injini kosa lilipotokea. Kompyuta nyingi huhifadhi taarifa hizo.

2. Apime betri. Kwa mfumo wa volti 12, betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, kwa kawaida huwa kati ya 13.5 na 14.7.

3. Afungue plagi ya sensa, awashe swichi bila kuwasha injini, kisha apime waya wa kulisha. Kama ni wa volti 5 na zinazosomeka ni pungufu sana, achomoe sensa nyingine za njia hiyo moja baada ya nyingine. Volti zikirudi, aliyechomolewa mwisho ndiye mtuhumiwa.

4. Apime ethi mfumo ukifanya kazi. Upotevu unaozidi volti 0.1 kwenye ethi ya sensa ni dalili mbaya.

5. Injini ikiwaka, atikise waya taratibu huku akitazama mashine. Injini ikistuka, mahali pamepatikana.

Asitoboe ngozi ya waya kwa sindano, kwani tundu hilo huingiza maji baadaye.

Yapo makosa ya sensa yenyewe. Sensa ya kranki inayozimisha injini ikipata moto, kisha injini ikawaka tena baada ya kupoa, inastahili kushukiwa. Nayo ipimwe ingali moto.

Kanuni hizi haziishii kwenye magari. Boti nyingi za kuvuta wachezaji wa ubao majini hutumia injini zilizotokana na za magari, na huko maji ni adui wa kila siku.

Haki ya mnunuzi

Kwa gari lililo ndani ya waranti, mmiliki asiruhusu waya kukatwa nje ya gereji iliyoidhinishwa. Kila ziara idai karatasi yenye tarehe, kilomita, namba ya kosa na kipimo kilichofanyika. Kosa likirudi, karatasi hizo ndizo ushahidi wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia pia bidhaa bandia.

Na kama injini imezima ndani ya hifadhi, washa taa za tahadhari, baki ndani ya gari na uombe msaada kwa simu. Taa ya injini ikipepesa, punguza mwendo na usimame mahali salama. Ya joto au ya oili ikiwaka nyekundu, zima injini mara moja. Kabla ya kuagiza sensa ya tatu, muulize fundi swali moja: umepima nini?