Kishikwambi kipya: Usiangalie kioo tu, uliza kilichomo ndani

Unanunua kishikwambi Arusha mjini? Kagua mambo haya mawili kabla hujatoa hela.

GPS: iPad ya Wi-Fi peke yake haina chipu ya GPS, ile inayotumia laini ndiyo inayo. Tofauti utaiona Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500. Pasipo mtandao, ya Wi-Fi haitakuonesha ulipo. Yenye GPS itakuonesha hata bila bando, mradi ramani umeipakua kabla ya kupita geti la Momella.

RAM: Ikiandikwa “4+4”, RAM halisi ni GB 4. Nyingine zinaazimwa kwenye memori ya kutunzia mafaili, ambayo ni ya polepole zaidi. Usilipie bei ya GB 8.