Gari la Wabenzi katika Theluji ya Toronto

Ndugu jamaa, vijana wetu huuliza kwa nini sisi tuliofika Toronto zamani tulikuwa na magari ya kifahari, hali tulikaa katika nyumba za kupanga zenye vyumba viwili. Jambo hili lina historia yake, nami ni miongoni mwa waliohusika.

Huko kwetu Afrika Mashariki, baada ya uhuru, lilizuka neno "Wabenzi". Limeundwa kama majina ya makabila: Wadigo, Wapokomo, Wabenzi. Lakini kabila hili halikuwa na kijiji. Alama yake ilikuwa Mercedes-Benz ya waziri au mkurugenzi. Kadhalika, magari hayo yalishinda mashindano ya Safari miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961, hata asiyewapenda wenyewe hakuweza kulidharau gari lao. Mimi niliyekwenda chuoni na skuli kwa miguu, Mombasa, nilikua nikiamini kwamba mtu aliyefanikiwa ni aliyepanda gari hilo.

Basi mwaka 1993 nilinunua 300D ya mwaka 1982, ya dizeli, kwa dola 2,800. Nilidhani nimeokota dodo chini ya mnazi. Sikujua kwamba gari la kifahari likizeeka bei yake huanguka, lakini bei ya vipuri vyake haizeeki. Cheti cha usalama, ambacho Ontario inadai gari kuukuu linapopata mwenyewe mpya, nilikuwa nacho; lakini cheti hicho huthibitisha hali ya gari siku lilipokaguliwa tu, si ya mwaka ujao.

Injini ilikuwa imara. Adui alikuwa chumvi, ambayo humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na maji yake hula chuma cha chini. Tena dizeli huganda katika baridi kali, ikabidi usiku tuchomeke waya wa umeme kuipasha injini moto, ili asubuhi nifike kazini.

Hata hivyo, sisemi kwamba halikutufaa. Maharusi wa jamaa zetu walipanda humo, na wageni wetu tuliwapokea nalo uwanja wa ndege. Picha yake nilimpelekea mama Mombasa. Alinijibu kwa kanda ya kaseti: "Mwanangu, gari nimeliona. Wewe je, nitakuona lini?"

Nilikuwa nikiweka akiba ya nauli. Pampu ikaharibika, akiba ikaenda. Nikaanza tena, sakafu ikatoboka. Katika majira mawili ya baridi nililipa mafundi dola 4,100, zaidi ya bei niliyolinunulia, na zaidi ya tikiti ya kwenda na kurudi. Mama alifariki mwaka 1996, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mimi sijakwenda. Mwaka uliofuata gari nililiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Silaumu gari, nalo lilikuwa chombo tu. Tulikuwa wageni katika nchi ambayo hakuna aliyetujua, tukataka angalau jamaa waone kwamba tumefika.

Vijana wangu, wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mkitamani gari kuukuu la kifahari, ulizeni kwanza gharama ya kulitunza, kisha jiulizeni fedha hizo ni haki ya nani. Wabillahi tawfiq.