Kilindini hadi Mvita: Miaka Mia Moja ya Kugombania Daftari la Kura

Mwaka 1920, Waingereza walipoitisha uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Mombasa ilipata kiti chake. Waliokipigia kura ni Wazungu tu, wanaume kwa wanawake. Wakilindini, watu wanaoitwa kwa jina moja na bandari kubwa iliyokuwa ikijengwa upande wa magharibi wa kisiwa, hawakuwemo katika daftari lolote.

Si kwamba watu hao walikuwa wageni wa siasa. Kilindini, Tangana na Changamwe ndiyo Thelatha Taifa, Miji Mitatu. Wenzao wa Mvita, Jomvu, Mtwapa, Kilifi, Pate, Faza na wengineo ni Tisa Taifa. Kila upande ulikuwa na tamimu wake, yaani kiongozi aliyetoka kwa wazee wake, na hakuna mtawala aliyekaa Mombasa kwa raha bila ya kuwasikiliza hao wawili. Watawala wa ukoo wa Mazrui walilijua hilo, wakaja kulijua zaidi mwaka 1837, walipoanguka mbele ya Sultani Seyyid Said huku sehemu ya mji ikiwa imewapa mgongo. Kwa hivyo Mwingereza alipoleta sanduku la kura, hakuwakuta watu wasiojua maana ya kuchagua kiongozi. Alichokileta kipya ni orodha ya nani achague na nani asichague.

Orodha hiyo iligawanywa kwa rangi na asili. Baada ya Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza, wa 1923, mgao ulitulia hivi: Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5, Waarabu 1. Wahindi wengi walivisusia viti vyao kwa miaka kadhaa, wakidai daftari moja la watu wote. Mwafrika hakupewa kura. Wa kumsemea, wakoloni walisema, ni mjumbe wa kuteuliwa, na mara nyingi mjumbe mwenyewe alikuwa mmishenari wa Kizungu.

Hapo ndipo Mombasa ilipochanika. Kiti cha Waarabu kilikuwa kimoja, na swali likawa: Mwarabu ni nani? Watu wa Miji Kumi na Miwili, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa kwa pamoja, Waswahili wenye misikiti yao, makaburi yao na nyumba zao za mawe kisiwani, wengine tangu kabla ya Mreno, waliambiwa wao si Waarabu kwa ajili ya kura. Kisheria walibaki kundi la wenyeji, pamoja na kodi na masharti yote yaliyoambatana na jina hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaunda chama chao, Afro-Asian Association, kupambana na Coast Arab Association ya waliokuwa ndani ya daftari. Jamaa waliooana na kusali safu moja wakawa wanaandikiana barua za mashtaka kwa serikali. Hyder Kindy, aliyekuwa ndani ya mvutano huo, ameueleza katika kitabu chake cha 1972, Life and Politics in Mombasa, na ni kitabu kinachouma kukisoma. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950 ndipo Miji Kumi na Miwili ikakubaliwa kupiga kura ya Waarabu. Kwa maoni yangu hakuna hila ya kikoloni iliyoidhuru Mombasa kuliko hii. Waingereza waliondoka, na tuhuma ile ya "huyu si mwenzetu" ikabaki katika siasa za kisiwa.

Na hata daftari la Waarabu lenyewe lilikuwa wazi nusu tu. Wanawake wa Kiarabu wa Mombasa waliachwa nje wakati wanaume wao wakiandikishwa. Hawakunyamaza. Waliandika ombi kwa serikali, wakaweka sahihi zao mamia kwa mamia, kutoka nyumba ambazo wengi walidhani siasa haivuki kizingiti chake. Habari zao hazitajwi sana katika vitabu vya shule, ilhali ni miongoni mwa kampeni za mwanzo za wanawake kudai kura nchini Kenya.

Wakati mabwana wa Mji wa Kale wakibishana juu ya nasaba, nguvu nyingine ilikuwa ikikua gatini Kilindini. Januari 1947 mgomo ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari na reli uliusimamisha mji mzima kwa takriban siku 12. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, na Chege Kibachia akatoka hapo akiwa kiongozi wa African Workers Federation. Machi 1955 makuli waligoma tena, na kijana Tom Mboya akaja kuwasaidia kupatana na waajiri. Wote hao hawakuwa na mbunge wa kumpigia kura. Bandari walikuwa na uwezo wa kuifunga, ila bungeni hawakuwa na mtu.

Kura ya Mwafrika ilifika Machi 1957, na ilifika kwa mizani ya ajabu. Elimu, mapato, mali, utumishi wa muda mrefu: kila sifa ilihesabiwa, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi 3. Kuli wa Shimanzi asiye na cheti wala mali aliweza kukosa hata moja, na karani wake akatumbukiza tatu. Kiti cha Pwani kilikwenda kwa Ronald Ngala. Mwaka uliofuata, viti vya Waafrika vilipoongezwa, Francis Khamisi, mwanahabari na katibu mkuu wa zamani wa Kenya African Union, akachaguliwa kuiwakilisha Mombasa.

Kabla ya uhuru likazuka swali zito zaidi, kama Mombasa ni Kenya au siyo. Tangu 1895 ukanda wa pwani ulikuwa chini ya Uingereza kwa mkataba, lakini mwenyewe ni Sultani wa Zanzibar, na bendera yake ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Watu wa vuguvugu la Mwambao walitaka pwani ijitenge au ipewe mamlaka yake. Sheikh Abdilahi Nassir aliipeleka hoja hiyo hadi mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962. Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa wa kwanza wa mtu mzima mmoja kura moja, na ulitawaliwa na vyama vya KANU na KADU. Chama cha Mwambao hakikufua dafu. Oktoba mwaka huo Sultani akauachia ukanda, kwa sharti la kulindwa kwa dini na mahakama za kadhi.

Uhuru nao ulikuwa na mlango wake wa kufunga. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji, karatasi za wagombea wa chama cha upinzani cha KPU zilikataliwa nchi nzima. Kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, ndugu yake Abdilahi Nassir, aliandika kijitabu Kenya: Twendapi? na kulipa kwa kifungo cha miaka 3, kutoka 1969 hadi 1972. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, aliiandika akiwa gerezani.

Kisha zikaja zama za Shariff Nassir. Alikikalia kiti cha kisiwa, kwanza kikiitwa Mombasa ya Kati na baadaye Mvita, kuanzia 1974 hadi 2002. Alikuwa mwenyekiti wa KANU Mombasa na mtetezi wa Rais Moi asiyepepesa macho, na msemo wa "wapende wasipende" umemganda hadi leo. Tuwe waadilifu: alijua kuzungumza na watu wake kwa Kiswahili kilichowachekesha na kuwatisha kwa pamoja, na mlango wake ulikuwa na foleni ya wenye shida kila asubuhi. Lakini zama zake ni pia za mlolongo wa 1988, watu walipopangwa mistari nyuma ya picha za wagombea katika mchujo wa KANU, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kura ya siri.

Mwaka 1992 ndio uliomtikisa. Chama cha Islamic Party of Kenya, IPK, kiliundwa Mombasa na kunyimwa usajili kwa hoja kuwa ni chama cha dini. Vijana waliingia barabarani, na Sheikh Khalid Balala akawa sauti yao. Dhidi yao kikazuka kikundi cha UMA, kilichosema IPK ni cha Waarabu na kwamba Waislamu Waafrika wana chao. Yaani zaidi ya miaka 60 baada ya mvutano wa Afro-Asian Association, daftari lile lile la wakoloni lilifunguliwa tena, safari hii kwa faida ya chama tawala. Baadaye, Sheikh Balala alipokuwa Ujerumani, serikali ilimnyima pasipoti ikidai ni raia wa Yemen; alirudi 1997. Desemba 1992 upinzani ulichukua Kisauni na Likoni, Nassir akabaki na Mvita. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na watu waliotoka bara wakafurushwa, wapiga kura wengi miongoni mwao. Nassir alishinda tena.

Desemba 2002 aliangushwa na Najib Balala, meya wa zamani, ambaye asichanganywe na Sheikh Khalid. Nassir alifariki 2005. Balala alirudi 2007 kwa chama cha ODM, kisha 2013 akagombea useneti na kushindwa, na Mvita ikaenda kwa Abdulswamad Shariff Nassir, mtoto wa mbunge wa zamani, aliyerudishwa tena 2017. Mwaka 2022 kiti kikachukuliwa na Mohamed Machele, pia wa ODM. Abdulswamad akagombea ugavana, ila wananchi wa Mombasa hawakupiga kura ya ugavana Agosti 9 pamoja na nchi nzima: karatasi za kura za ugavana zilikuwa na kasoro, uchaguzi ukasogezwa hadi Agosti 29, na akashinda.

Siku hizi hakuna daftari la Waarabu wala la Wahindi. Kuna kitambulisho, na kwa miaka mingi kijana wa Kuze au Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale, aliweza kuulizwa makaratasi ya babu yake kabla ya kupewa. Bila kitambulisho au pasipoti hakuna kura. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Mwenye mtoto aliyetimiza miaka 18 asisubiri mwezi wa mwisho: ampeleke kuomba kitambulisho sasa, kisha aandikishwe.