Mtambo wa saa ulioiongoza darubini ya Dorpat

Mtambo wa saa ni sehemu ya darubini inayoizungusha polepole ili nyota iliyolengwa isimponyoke mtazamaji. Mmojawapo wa mitambo ya kwanza kuifanya kazi hiyo barabara ulibuniwa na Mjerumani Joseph Fraunhofer kwa ajili ya darubini iliyofikishwa mwaka wa 1824 katika kituo cha kuchunguza nyota cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, nchini Estonia.

Darubini hiyo, yenye lenzi ya kipenyo cha sentimita 24 na bomba la urefu wa zaidi ya mita 4, ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake wakati huo. Hata hivyo, lenzi kubwa peke yake haikutosha. Kwa kuwa dunia hujizungusha, anga huonekana kusonga kuelekea magharibi kwa digrii 15 kila saa. Darubini inapokuza sana, nyota hupita na kutoweka baada ya sekunde chache tu.

Fraunhofer aliuweka mhimili mkuu wa darubini sambamba na ule wa dunia, hivyo mwendo mmoja usiobadilika ukatosha kuifuata nyota. Nguvu ilitokana na kizito kilichoning'inia. Kilipoteremka, kilizungusha magurudumu yenye meno yaliyousukuma mhimili. Pendulamu isingefaa kuongoza mwendo huo, kwani saa za namna hiyo husonga kwa kurukaruka. Badala yake vilitumiwa vizito vidogo vinavyozunguka: kasi ilipozidi, vilitanuka na kusugua ukuta wa kasha lake, na mwendo ukapungua.

Aliyenufaika kwanza ni mkurugenzi wa kituo, Friedrich Georg Wilhelm Struve. Baada ya kukagua nyota zipatazo 120,000, alichapisha mwaka wa 1827 orodha ya nyota pacha 3,112. Kupima nafasi iliyo kati ya nyota pacha huhitaji kuzilinganisha na nyuzi nyembamba zilizo ndani ya darubini. Mtambo ulipoishika nyota mahali pamoja, mikono ya mpimaji ilibaki huru kwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1837 Struve alitangaza kwamba nyota Vega huonekana kuyumba kidogo dunia inapolizunguka jua, ishara inayofichua umbali wake. Kipimo chake kilikuwa sekunde 0.125, ilhali digrii moja ina sekunde 3,600. Vipimo vya kisasa hutoa takriban 0.130. Lakini mwaka wa 1840 alitoa kipimo kipya kilichozidi cha awali maradufu, na imani ya wenzake ikapungua. Sifa ya kuwa wa kwanza kupima umbali wa nyota kwa kawaida hupewa Friedrich Bessel, aliyetangaza matokeo ya nyota 61 Cygni mwaka wa 1838.

Darubini ya Fraunhofer ingali Tartu, katika kituo hicho hicho ambacho sasa ni makumbusho. Mpango wake wa mhimili na mtambo wa saa uliigwa katika darubini kubwa za lenzi zilizofuata, hadi mota za umeme ziliposhika nafasi ya vizito.