Meza ya Norwich na Askofu Aliyeshika Upanga

Juni ni mwezi wa kukumbuka uasi wa wakulima wa Uingereza wa 1381, na kumbukumbu yake nzuri kuliko zote, kwa mujibu wa mapokeo, ilitolewa na mtu aliyeuzima. Ni mchoro wa madhabahuni katika Kanisa Kuu la Norwich, wenye picha tano ubaoni: Yesu akipigwa mijeledi, akibeba msalaba, akisulubiwa, akifufuka na akipaa. Inasemekana ni shukrani ya Askofu Henry Despenser.

Chanzo cha uasi kilikuwa kodi ya kichwa, jina ambalo wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa. Huko Norfolk waasi waliongozwa na Geoffrey Litster, mtia rangi nguo, wakamwita mfalme wao. Askofu hakungoja jeshi la mfalme wa Uingereza. Alivaa deraya, akawafuata hadi North Walsham na kuwasambaratisha. Yaliyofuata anayasimulia Thomas Walsingham, mtawa wa St Albans ambaye hakuwaonea huruma waasi hata kidogo. Litster alihukumiwa kifo, na askofu yuleyule akamsikiliza maungamo. Mfungwa alipoburutwa kwenda kunyongwa, Despenser alitembea kando yake akimwinua kichwa kisigonge mawe. Walsingham aliona hapo wema wa mchungaji. Mimi naona mtu aliyetaka kuwa hakimu, mnyongaji na padri kwa siku moja.

Kisha yakaja Matengenezo ya Kanisa. Katika karne ya 16, chini ya Mfalme Edward VI, sanamu zilipigwa marufuku na altare za mawe zikabomolewa. Michoro mingi iliharibiwa. Huu ulikatwa sehemu ya juu, ukatobolewa pembeni ili kuingiza miguu, ukawa meza, picha zikiangalia sakafu. Aliyeukata hajulikani, ila bila meza hiyo pengine ungeishia kuwa kuni.

Mwaka 1847 ukagunduliwa. Husimuliwa kwamba Profesa Robert Willis aliangusha kitu, akainama kukiokota, akakutana na rangi na dhahabu uvunguni.

Katika miaka ya 1950 mafundi waliusafisha na kuijaza ile sehemu ya juu iliyokatwa. Leo uko katika kikanisa cha Mtakatifu Luka, fremu yake ikiwa na ngao za koo kubwa za wakati ule. Kazi ya mafundi ni safi, lakini ningependa pale juu paachwe ubao mtupu, msumeno wa seremala uonekane.