Nani Anaitika Filimbi?

Barabara ya Taifa namba 2 inaingia Butembo, mashariki mwa Kongo, ikitokea Lubero, inaukata mji katikati, kisha inashika njia ya Beni, kilometa 54 kaskazini. Huku na huku, juu ya vilima vya mikaratusi, zimekaa komini nne za mji: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Anayetaka kujua jinsi mji huu unavyojilinda asianzie ofisi ya meya. Apande Mususa, aingie kwenye avenyu yoyote ya udongo isiyo na taa, aulize watu hufanya nini wezi wakivunja mlango saa nane za usiku. Atajibiwa kwamba mwenye nyumba hupiga sufuria, jirani hupuliza filimbi, na sauti hupokezwa kutoka ua hadi ua mpaka kilima cha pili kiamke.

Hakuna meya aliyebuni utaratibu huo. Ofisi ya meya iliukuta, na historia ya usalama wa Butembo na Beni, ukiifuata kutoka mwanzo, ni historia ya watawala wanaoukuta, wanaojaribu kuutumia, na mara nyingi wanaousahau.

Mji wa Butembo ulianza kama kambi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Wabelgiji, Minière des Grands Lacs, ilijenga kituo chake katika nchi ya Wanande, na vibarua wakapangwa kwa safu za nyumba. Juu yao aliwekwa kapita, aliyewahesabu asubuhi na kuripoti jioni. Usalama maana yake ilikuwa kampuni isipoteze watu wala mali. Nje ya uzio, vijiji viliendelea na desturi yao: wazee walikaa kwenye ekyaghanda, kibanda cha moto ambako ugomvi wa mipaka, mahari na wizi ulizungumzwa hadi uishe. Tangu siku hizo zipo njia mbili: moja inapeleka habari juu kwa mkubwa, nyingine inazungusha habari kati ya majirani. Zimekaa pamoja karibu miaka 100 bila kuungana vizuri.

Mobutu alijaribu kuziunganisha kwa amri. Chama chake, MPR, kilishusha selula zake mpaka mitaani, na salongo, kazi ya pamoja ya kila wiki, ikawa lazima. Watu walifagia, wakazibua mifereji, wakaimba. Kamati za chama zilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, salongo ilibaki na jina lake, na hata leo mtaa ukiamka kuziba korongo linalokula barabara, watu husema wanakwenda salongo. Chama kimesahauliwa, jembe bado lipo.

Serikali ya Kinshasa ilipochoka, mahali pake palichukuliwa na watu wawili: padri na mfanyabiashara. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, hakuishia kwenye mahubiri. Aliwahimiza waumini watengeneze barabara, wajenge shule, na matajiri wa mji wachangie. Matajiri hao walikuwa wameanza na maharage, kahawa na mboga, wakafika Kisangani, Kampala, kisha Dubai na Guangzhou. Walihitaji daraja lisilobomoka na soko lisiloporwa, na kwa kuwa hakuna aliyewaletea, walijipatia wenyewe. Kwa miongo mingi Butembo ilikuwa mji mkubwa wa biashara usio na umeme wa umma. Jioni ilisikika ngurumo ya jenereta za maduka, na nje ya maduka kulikuwa giza.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuona hapa sifa tupu: watu wanaojitegemea, wasiomngoja mkubwa. Mimi nina mashaka kidogo. Mji unaojengwa na michango hujengwa mahali pa mchangiaji. Katikati ya mji, penye maghala, palipata mlinzi na lami kabla ya vilima vya pembeni, na Mususa ilibaki na filimbi.

Vita vya mwaka 1998 vikaleta watawala wengine. Kundi la waasi la RCD-K/ML, kwanza chini ya Profesa Ernest Wamba dia Wamba kisha chini ya Mbusa Nyamwisi, lilitawala Beni na Butembo hadi 2003. Serikali hiyo ya waasi haikuwa na fedha. Ilifanya mapatano na wafanyabiashara wakubwa: lipeni ushuru kabla mizigo haijafika mpakani Kasindi, nasi tutawapunguzia. Wakalipa. Katika mji wenye majeshi mengi, waliolipa walikuwa na sauti juu ya nani abebe bunduki sokoni. Upande wa pili, vijana wa Butembo walikuwa na jukwaa lao, lile linaloitwa Parlement debout de Furu, bunge la watu waliosimama barabarani wakijadili habari za siku. Baadaye likazuka vuguvugu la Véranda Mutsanga, lililochukua jina la veranda ya mtaani ambako vijana walikutania. Na silaha kubwa kuliko zote ikawa ville morte, siku ambayo maduka hufungwa, pikipiki husimama, na mji mzima unakaa kimya mpaka mkubwa asikie. Sijui mji mwingine katika eneo hili unaojua kufunga milango kwa pamoja kama Butembo.

Ni katika miaka hiyo ya vita nyumba kumi nayo ilipozoeleka katika miji ya Kivu. Wasomaji wa Tanzania wanaijua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, TANU ilipoweka mabalozi wake. Kenya iliianzisha mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate. Wazo ni moja: mtu mmoja ajue nani analala katika nyumba kumi, mgeni yupi ameingia, nani ameondoka bila kuaga. Kongo ina sababu ya ziada ya kumhitaji mtu huyo. Sensa ya mwisho ya taifa ilifanywa mwaka 1984. Beni na Butembo zilipopewa hadhi ya mji mwaka 2003, hakuna aliyekuwa na hesabu ya wakazi isipokuwa ile ya chefu wa mtaa, chefu wa selula, chefu wa avenyu na nyumbakumi, wengi wao wasio na mshahara, wakiandika kwenye daftari la shule. Meya anayetaka kujua Mususa ina watu wangapi analisubiri daftari hilo.

Sasa tushuke Beni, maana huko ndiko daftari hilo lilikotahiniwa kwa damu.

Kuanzia Oktoba 2014 mauaji yaliyolaumiwa hasa kwa waasi wa ADF yalizunguka mji, kisha yakaingia ndani: Ngadi, Boikene, na tarehe 13 Agosti 2016 mtaa wa Rwangoma, ambako watu zaidi ya 40 waliuawa jioni moja. Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa marufuku ya kutembea usiku. Marufuku hiyo ilimzuia mama wa sokoni na dereva wa pikipiki. Muuaji aliyetokea msituni hakuwa akitumia barabara. Watu walioponea Rwangoma walieleza kwamba washambuliaji walivaa sare za jeshi. Fikiria sasa kazi ya nyumbakumi. Amefundishwa kumtambua mgeni, na mgeni anakuja amevaa kama mlinzi.

Hofu ya namna hiyo huzaa ubaya mwingine. Mwishoni mwa Oktoba 2014 umati wa Beni ulimuua mtu aliyeshukiwa kuwa mwasi, akachomwa moto hadharani. Katika miaka iliyofuata familia za Wahutu zilizokuwa zikielekea Ituri kutafuta mashamba zilizuiwa njiani na kushukiwa kwa sababu ya lugha yao. Wanaosifu ulinzi wa majirani, mimi nikiwamo, lazima waiweke habari hii mezani. Jirani anaona mengi, ila bila mtu wa kumpelekea habari, mwenye mamlaka ya kuchunguza na kumrudishia jibu, macho yake hugeuka hukumu.

Kinshasa ilikuwa na jibu kwenye karatasi. Sheria ya polisi ya Agosti 2011 ilizungumzia polisi wa karibu na raia, na agizo la mwaka 2013 likaunda mabaraza ya usalama ya mahali: meya anaongoza la mji, mkuu wa komini anaongoza lake, polisi wanaketi pamoja na wawakilishi wa raia kutaja matatizo na kupanga. Ni wazo zuri, karibu sana na ekyaghanda: watu waketi, jambo lizungumzwe mpaka liishe. Shida ni kwamba baraza hukutana mchana na filimbi hulia usiku. Polisi asiye na mafuta ya gari, anayelinda mtaa wa giza kwa mshahara unaochelewa, hawezi kufika kwa sababu tu agizo limetiwa sahihi.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka hospitalini. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, magharibi mwa Beni. Msaada ulikuja haraka na kwa wingi: magari meupe, wataalamu kutoka Kinshasa na ng'ambo, walinzi wenye silaha. Watu waliokuwa wakiomba ulinzi tangu 2014 wakaona magari ambayo hayakuja walipokuwa wakichinjwa. Desemba mwaka huo uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu za Ebola na usalama, ingawa makanisa na masoko yalikuwa wazi. Wenyeji wa Beni wakapanga kura yao wenyewe tarehe 30 Desemba, wakipanga foleni na kunawa mikono kabla ya kupiga kura isiyohesabiwa na yeyote. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo.

Kadiri walinzi walivyoongezeka, ndivyo wagonjwa walivyojificha. Kilichobadilisha mambo kilikuwa kidogo na cha polepole: vituo vidogo karibu na zahanati za mitaa, wahudumu wanaozungumza Kinande na Kiswahili cha hapa, mama anayeruhusiwa kumwona mwanawe kupitia plastiki, mazishi ambayo padri na mchungaji walikubaliana nayo. Kamati za mitaa, zikiwa na machefu wa selula na wa avenyu, ndizo zilizoulizwa nani ameugua na nani alimgusa. Daftari la shule, lile lile, likawa chombo cha tiba. Mlipuko huo ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ugonjwa uliporudi eneo la Butembo Februari 2021, ulikomeshwa ndani ya miezi mitatu: wagonjwa 12, vifo 6. Chanjo ilisaidia sana, na uzoefu vilevile. Lakini chanjo humfikia mtu anayejulikana anakolala na aliyekubali kufungua mlango.

Ungedhani baada ya hapo ofisi zote zingejifunza kubisha hodi. Mei 6 mwaka huo huo wa 2021, siku tatu tu baada ya mlipuko wa Butembo kutangazwa kuisha, ilianza hali ya kijeshi ambayo kila mtu huiita kwa Kifaransa, état de siège, katika Kivu Kaskazini na Ituri. Wakuu wa kiraia waliondolewa. Butembo ikapewa meya ofisa wa polisi, Mowa Baeki Telly. Amri ilianza kwa siku 30, ikawa inaongezwa kila siku 15. Katika kipindi hicho hicho mabomu yalilipuka ndani ya Beni, kanisani mwezi Juni na kwenye mgahawa siku ya Krismasi, na tarehe 10 Agosti 2022 gereza la Kakwangura, Butembo, lilivunjwa, wafungwa zaidi ya 800 wakatoroka. Hukumu yangu kuhusu miaka hiyo ni rahisi: meya mwenye sare anawasikiliza zaidi waliomtuma kuliko wanaolala Mususa, na habari za usalama haziendi mahali ambapo haziitikiwi.

Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, utawala wa mkoa ulihamia Beni, na vilima vya Butembo vikaendelea kupokea wakimbizi wa ndani kutoka kusini mwa Lubero na kutoka vijiji vilivyovamiwa na ADF. Wengi hawakuingia kambini. Walipokewa katika nyumba za watu, godoro likagawanywa, na aliyeandika majina yao alikuwa chefu wa avenyu. Kazi hiyo bado haina mshahara, na mara nyingi haina hata vocha ya simu ya kumpigia polisi.

Kwa hiyo, wakubwa wa mji, kabla ya kununua kamera au kuongeza kizuizi kingine barabarani, mlipeni anayeshika daftari, mpeni namba ya simu inayopokelewa usiku, na asubuhi yake rudini mtaani kueleza kilichofanyika. Na Kinshasa itimize neno lake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliahidi kwamba kila komini itaongozwa na baraza lililochaguliwa na wakazi wake. Mususa haijapiga kura hiyo hata mara moja.